Siku Wafumaji Walipovikwa Kamba

Kaisari, mtawala wetu, alizaliwa hapahapa kwetu katika nchi ya Flandria, lakini kodi ya vita vyake na Mfaransa ilitushinda. Mji wetu wa wafumaji ulipokataa kulipa, alikuja na jeshi. Viongozi wetu wakakatwa vichwa. Kisha ikatoka amri: wafumaji hamsini watembee peku, wamevaa mashati matupu na kitanzi shingoni, wakaombe radhi uwanjani. Baba mkwe wangu Gheeraert, mzee wa miaka sitini na minane, alikuwa mmoja wao.

Asubuhi hiyo nilimkuta ameshavaa shati, anakunywa bia yake taratibu.

"Baba, sema tu hayo wanayotaka, urudi nyumbani," nilimsihi. Mume wangu alifia katika jeshi la Kaisari huyohuyo. Sikuwa na mtu mwingine.

"Pieryne mwanangu, miguu nitawapa. Mdomo ni wangu."

Walipopita mtaani kwetu alikuwa anachechemea kwenye matope, askari wakimcheka. Hasira zikanipanda. Nikavua viatu, nikaingia barabarani, nikatembea naye bega kwa bega.

"We mama, vaa viatu!" askari mmoja akafoka.

"Vinanibana."

Mke wa mwoka mikate akavua vyake. "Vyangu ndiyo usiseme!"

Hadi tunafika uwanjani, wanawake kama thelathini tulikuwa peku, na hakuna askari aliyecheka tena.

Wafumaji wakapigishwa magoti, wakasema kwa pamoja kwamba wanajuta. Gheeraert alikaza midomo. Ofisa akamwona, akaja kumsimamia.

"Wewe mzee, hujuti?"

"Najuta sana, bwana."

"Unajuta nini?"

"Kwamba tulikataa kwa sauti ndogo."

Nikajua sasa wanamnyonga. Lakini mtu akacheka nyuma yangu, akafuata mwingine, mpaka uwanja mzima ukawa unacheka. Ofisa akamzaba kofi, akaitazama ile halaiki, akaamua kumfukuza mjini maisha.

Tulikifungua kitanda cha mfumi, mtambo wake wa kufumia nguo, kipande kwa kipande, tukapakia kwenye mkokoteni, tukatoka kabla lango halijafungwa. Nililia njia nzima. Yeye alilalamikia magurudumu tu.

Tulihamia mji wa Antwerpen, akafuma miaka sita zaidi. Mara mbili ililetwa barua kutoka kwa wakuu wa mji wetu: akiomba radhi kwa maandishi, ataruhusiwa kurudi kwao. Zote mbili aliwashia moto wa supu.