Siagi ya Penseli

Emiliana alipewa siku kumi amfanye mwanamke wa penseli asukesuke maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi ipatikane, na tangu azaliwe hakuwahi kuona maziwa yakisukwa. Hilo hakulisema. Angelisemaje, wakati karakana ya katuni ya mzee Mahmudu pale Gitega ilikuwa na nafasi ya mchoraji mmoja tu, na yeye ameililia nafasi hiyo tangu siku alipopita mlangoni akaona sungura wa karatasi akiruka ukutani? Aliitikia "sawa, mzee" kwa sauti ya mtu aliyelelewa zizini.

Mahmudu mwenyewe alikuwa mtu wa mjini, mtoto wa washona kofia, na kwake ng'ombe ni kitu kinachofika kikiwa ndani ya chai. Lakini kwenye kazi yake hakuwa na mzaha. Siku ya kwanza alichukua daftari, akachora kitone pembeni mwa kila ukurasa, kila kimoja kimepanda kidogo kuliko mwenzake, kisha akaziachia kurasa zipite chini ya kidole gumba. Kitone kikapaa.

"Unaona? Hakuna kitu inatembea hapa," alisema. "Kila picha imesimama, imekufa kabisa. Ni jicho lako ndiyo iko inafanya kazi. Picha ya kwanza haijatoka muzuri, ya pili imeshaingia, basi akili inasema: bon, hii ni kitu moja, imetembea. Picha kumi na mbili kwa sekunde moja. Mi nadanganya nusu, we unajidanganya nusu yenye inabaki."

Emiliana akachora siku tatu mfululizo. Mwanamke wa kwenye daftari alisimama wima, akashika kibuyu kwa mikono miwili, akakitikisa juu na chini, juu na chini, bila kuchoka. Kurasa tisini na sita, sekunde nane. Mahmudu alizipitisha, akatabasamu. "Inatembea muzuri sana hii." Emiliana akaanza kujiona ameshakaa kwenye kiti.

Ndipo akaingia mama Melania. Huyu aliwaletea maziwa kila asubuhi, mwanamke mnene mwenye kicheko kisicho na breki, aliyekulia katikati ya ng'ombe wa baba yake huko Mutoyi. Mahmudu akamwonyesha daftari kwa majivuno. Melania alitazama mara moja, akatazama tena, kisha akaweka kopo la maziwa chini asije akalimwaga.

"Mungu wangu! Huyu mama anaosha bido!"

Na kweli alikuwa anaosha dumu. Emiliana alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, huko Tanzania upande wa Kigoma, na kila mtoto wa kambini alikuwa na kazi yake: kutia vijiwe na maji kidogo ndani ya dumu, kulitikisa juu na chini mpaka ukijani wote utoke, kisha kulipeleka kwenye foleni ya bomba. Mkono wake ulipoambiwa uchore mtu anayetikisa chombo, ulikwenda moja kwa moja kwenye kazi unayoijua. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Maziwa hawaitese hivi, mwana wangu," Melania alisema huku akijipangusa machozi ya kicheko. "Wanaibembeleza."

Mahmudu hakukasirika, ila daftari alilifunga. "Jicho unaweza kuidanganya. Lakini mutu mwenye amefanya ile kazi, huyo haumudanganyi. Sikiliza. Kwa mashini, ile kompyuta yangu, mi nikitaka maji ya mto, sichore tone moja moja. Napatia mashini uzito ya maji, napatia mteremko, maji inateremka yenyewe. Unaiga sheria yake, mwendo unakuja peke yake. We hauna mashini. Donc, tafuta mwili yenye inajua sheria." Akanyoosha vidole saba. "Siku saba zimebaki. Mama Melania ndiye ataamua."

Mwili wa namna hiyo Emiliana aliujua mmoja tu, nao ulikuwa Butihinda, ukilima maharage. Alisafiri mpaka Muyinga mjini, na kutoka hapo akapakiwa nyuma ya baiskeli mpaka kwa bibi yake.

Bibi Theodosia alipoelezwa shida yenyewe alicheka, halafu akatazama uani, kusiko na zizi. Mwaka wa tisini na tatu, vita vilipozuka, aliikimbia nchi akaacha ng'ombe watano zizini. Sasa ilikuwa miaka minne tangu yeye na mjukuu wake warudi, na hata ndama hajapatikana.

"Nisuke nini? Mate?"

"Maji, bibi. Tutie maji."

"Ili majirani waseme Theodosia amerudi kutoka Tanzania na wazimu?"

"Watasema tu, bibi. Hata ukikaa kimya wanasema."

Bibi aliwajua majirani wale. Alimwaga mbegu zilizokuwa kwenye kibuyu kikubwa, akakiosha, akatia maji nusu, akaziba mdomo. Akatandika mkeka uani, akanyoosha miguu yake iliyopauka, ambayo zamani ilizoea kupakwa siagi, akakilaza kibuyu mapajani. Halafu akakaa tu. Mikono iko juu ya kibuyu, haiendi popote.

"Nimesahau," alisema kwa sauti ndogo.

Emiliana alijuta. Nafasi gani hiyo ya kazi, mpaka umhuzunishe bibi yako mchana kweupe? "Sukuma mara moja tu," alimwomba. "Ikishindikana tunaacha, tunakula."

Bibi akasukuma. Maji yakaenda upande wa pili, yakarudi na uzito wao, yakamgonga tumboni. Akayapokea, akayarudisha. Yakaja tena. Mabega yakaingia kazini, kiuno kikaingia, shingo nayo ikaanza kuitikia. Emiliana alichora mbiombio. Kumbe mikono haikuwa ikitikisa kitu! Ilikuwa ikingoja maji yarudi, basi. Bibi akaanza kuimba chinichini, akiwataja ng'ombe wake watano kwa majina. Majirani waliojazana uani kuja kucheka walicheka kweli, mpaka wawili, wanawake wa umri wake, wakaacha kucheka na kuja kukaa naye mkekani.

Jua lilipofika utosini, bibi alipunguza mwendo. Akainamisha sikio juu ya kibuyu. Akasukuma mara tatu, polepole, kama mtu anayelaza mtoto, kisha akasimamisha kila kitu.

"Umechoka, bibi?"

"Sijachoka. Siagi imesh..." Akakatiza. Akakitazama kibuyu, akaangua kicheko mpaka wenzake wakamshika. "Ni maji, mjukuu wangu! Ni maji tu!"

Emiliana alichora yote: shingo iliyoinama, sikio, misukumo mitatu. Alipohesabu kurasa akakuta tisini, basi akaongeza msukumo wa nne, kurasa sita, ili sekunde nane zitimie.

Siku ya kumi, Melania alitua kopo lake kabla hajaambiwa. Mahmudu akapitisha kurasa. Safari hii mama wa Mutoyi hakucheka. "Rudia," alisema. Mahmudu akarudia, na mabega mapana ya Melania yakaanza kuyumba yenyewe, mbele na nyuma. Emiliana aliyatazama mabega yale, daftari hakulitazama kabisa. Ghafla Melania akapiga kiganja juu ya mkono wa Mahmudu.

"Simama! Imeshika! Ukiendelea utaharibu siagi ya watu!"

Kidole gumba cha Mahmudu kilikuwa juu ya ukurasa wa tisini. Zilibaki sita. Emiliana alizichana zote sita palepale, huku akicheka na machozi yakimtoka.

"Sekunde saba na nusu," Mahmudu alisema. "Inatosha. Kiti yako ni ile pale. Iko mguu moja mubovu, utaitengeneza mwenyewe."

Alipotoka nje alimpigia bibi simu.

"Bibi, imeshika!"

"Nini imeshika?"

"Siagi yako. Yuko mama mmoja wa hapa, mtu wa ng'ombe hasa, ameiona kwa macho yake. Amesema iko tayari."



"Yale maji?"

"Yaleyale, bibi."

"Basi msiimalize huko Gitega," bibi alisema. "Nibakishie nipake miguu."