Besi Kutoka Jinja

Afande Matia alipoamua kukitoa kinanda chake, hakuniambia mimi. Niliambiwa na mwanawe Gidudu, kwa simu, siku ya Jumatano. Baba yake alikuwa amepooza mkono wa kushoto tangu Februari, na tangu hapo hakuwa amekigusa kinanda hata kwa kukifuta vumbi. Sasa alikuwa amemwandikia Mwalimu Wamboga, mkuu wa shule moja kule Busiu, aje Jumamosi saa tano akichukue. Gidudu hakuniomba kitu. Alisema tu kwamba aliona si vizuri nisikie habari hiyo kwa watu wengine. Nilimshukuru moyoni, maana ni mtu wa kazi nyingi.

Mimi na Afande Matia tulicheza pamoja miaka kumi na tisa, katika kanisa la kambi ya magereza hapa Jinja. Yeye alikuwa sajini, na marehemu mume wangu alikuwa askari chini yake. Kinanda kilikuwa kimoja, cha kukanyaga, na benchi moja. Yeye alicheza sauti ya juu kwa mkono wa kulia, na wa kushoto aliuacha huru kuongoza kwaya. Mimi nilikaa kushoto kwake nikacheza besi, jinsi alivyonifundisha. Sheria yake ilikuwa moja. Katika kanisa letu walikuwamo wazee waliovuta maneno, na Afande hakutaka waachwe nyuma. Wazee wakichelewa, sauti ya juu inawangoja, na besi nayo inaingoja sauti ya juu. Alipostaafu akarudi kwao Nabuyonga, Mbale, kwaya ilimpa kinanda cha umeme. Huko alijifunza kucheza mikono yote miwili peke yake. Ndiyo maana mkono mmoja ulipokufa aliona yote yamekwisha.

Binti yangu Patience anafundisha kompyuta katika shule ya sekondari. Mwaka ule, 1999, alikuwa na kompyuta yake hapa nyumbani Kimaka, Jinja, imeunganishwa kwa modemu kwenye waya wa simu. Aliwahi kunieleza kwamba ng'ambo kuna watu wanaocheza muziki pamoja, kila mmoja katika mji wake, kwa njia hiyo. Nilikuwa nimemuuliza maswali mpaka akachoka. Sauti inapitaje katika waya mwembamba vile? Akasema sauti haipiti. Kinachopita ni habari tu, kwamba kidole kimebonyeza hapa, kwa nguvu hii, kikaachia sasa. Kinanda cha upande wa pili kikipata habari hiyo, kinaimba chenyewe.

Jioni hiyo ya Jumatano nilimuuliza swali moja zaidi: kama Gidudu naye ana kompyuta na modemu, je, Mbale na Jinja haziwezi kufanya hivyo? Patience akaenda kutafuta disketi.

Alhamisi disketi ya programu na waya mmoja vilikwenda Mbale kwa dereva wa teksi tunayemfahamu. Hakuviacha stendi. Alimpelekea Gidudu mpaka mlangoni, vikiwa vimefungwa katika leso yake mwenyewe ili visipate vumbi.

Ijumaa tuliunganisha kinanda changu, ambacho mwanangu Tonny alinitumia kutoka alikokuwa akifanya kazi. Waya wetu ulikuwa na vichwa viwili vya mviringo, kila kimoja na vijiti vitano ndani. Kimoja kimeandikwa kuingia, kingine kutoka. Nyuma ya kinanda mlikuwa na matundu mawili yenye maandishi yaleyale. Tukachomeka kuingia kwenye kuingia, kutoka kwenye kutoka, na kompyuta ikakaa kimya kama imenuna. Nililifikiria jambo hilo nikichambua mchele. Kinachotoka kwenye kinanda ndicho kinachoingia kwenye kompyuta. Nikamwambia Patience abadilishe. Alipobadilisha, kila nilipobonyeza, nukta kwenye kioo ilirukaruka. Baadaye modemu ikalia kama msumeno unaokata bati, ikanyamaza, na kinanda changu kikaimba noti moja. Hakuna aliyekigusa. Vibonyezo havikushuka. Ilikuwa ni Gidudu, Mbale, amebonyeza kinanda cha baba yake. Nilikaa nikaangalia vibonyezo vile vilivyotulia, nisijue niweke wapi mikono yangu.

Jioni Gidudu alizungumza na baba yake. Mzee alikubali kwa sharti moja, kwamba atacheza mara moja ya kuaga, kisha kinanda kiende.

Jumamosi saa tatu na nusu tulianza. Tulichagua wimbo wa mavuno tuliouimba kila mwaka pale kambini, yeye sauti ya juu, mimi besi. Waya wa simu ulikuwa umeshikwa na kompyuta, kwa hiyo hatukuweza kusemezana. Zilikuwapo noti tu. Mistari miwili ya kwanza niliusikia mkono wake, mzito kidogo lakini wake kabisa. Kisha nikaona anachelewa. Nikamngoja. Akachelewa zaidi. Nikamngoja zaidi. Wimbo ukaenda ukipungua mwendo, ukalegea, ukasimama katikati ya ubeti. Tukaanza tena, ukasimama palepale. Mara ya tatu haukufika hata hapo.

Modemu ikakatika. Baada ya kitambo simu ikalia, na sauti ya Afande ikaja.

"Umesikia mwenyewe, Mama Tonny," alisema. "Mkono umekufa, na uliobaki haujui tena kutembea. Mwache Wamboga achukue."

Patience, aliyekuwa akisikiliza kando yangu, akaniomba nimwambie mzee asubiri kidogo kwenye simu, akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Habari ya kidole inachukua muda mdogo njiani, chini ya kupepesa jicho. Mimi ninamsikia amechelewa, ninamngoja. Yeye naye anasikia kungoja kwangu, tena kukiwa kumechelewa, ananingoja mimi.

"Mkono wake hauna kosa, Mama. Mnauana kwa adabu."

Nikauliza dawa yake. Alisema mmoja wetu lazima aende bila kumngoja mwenzake. Mwingine atafuata anachokisikia, na kwake wimbo utakuwa mzima. Na kwangu je, nikiwa mimi ninayekwenda? Patience akasema kwangu utakuwa umevunjika, kwa sababu nitamsikia nyuma yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Akajitolea kuizima sauti ya Mbale ili isinisumbue.

Nilirudi kwenye simu nikamwambia mzee kwamba kosa ni la njia, halimo katika mkono wake. "Safari hii nitakuacha, Afande. Sitakungoja hata kidogo. Wewe nifuate."

"Wewe?" akasema. "Wewe ambaye hata kwenye foleni ya unga ulikuwa unawapisha kuku?"

"Leo siwapishi."

Akacheka kidogo, cheko la kwanza nililolisikia kwake tangu Februari.

Patience alipotaka kuzima sauti nilimkataza. Nilitaka kumsikia, hata akiwa amevunjika. Nikaanza. Jamani, ilikuwa kazi. Kila noti ya mzee ilikuja nyuma ya yangu kama mtu anayechechemea, ananiita kwa nyuma, na vidole vyangu vyote vilitaka kusimama vimshike mkono. Miaka kumi na tisa nilifundishwa kusimama. Niliangalia ukutani, nikahesabu kwa midomo, nikaenda. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili. Katika wa tatu aliongeza madoido yake ya zamani pale mwisho wa mstari, na hapo nikajua kwamba huko aliko wimbo ni mzima, kwa maana mtu anayetafuta njia haongezi madoido. Machozi yalinitoka, lakini sikupunguza mwendo.

Tuliumaliza wimbo tukaurudia. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka umeme ukakatika Jinja saa tano na nusu.

Mchana Gidudu alinipigia. Mwalimu Wamboga alikuwa amefika na pikapu na wanaume wanne, wakati tukiwa katika wimbo wa pili. Alisimama mlangoni akawaashiria wenzake wavue viatu wasipige kishindo. Umeme wetu ulipokatika na besi yangu ikapotea, mzee aligeuka akawaona. Aliwaomba radhi, akasema kwamba barua yake aliiandika mapema mno. Wamboga hakununa. Aliuliza kama anaweza kuwaleta watoto wachache kila Alhamisi, waje kusikiliza, na mzee akamwuliza kwa nini kusikiliza tu, kwani hawana vidole?

Walikuwa wamekuja na mkungu wa ndizi kumshukuru kwa kinanda. Walipokuwa wakipanda gari tupu, mmoja wao aliuliza kwa sauti ya chini kama mkungu unarudi Busiu. Wamboga akamwambia auteremshe, aupeleke jikoni.