Kiraka Kwenye Kiwiko cha Jina Langu

Niliota usiku wa jana kwamba Usipokee amekuja kinyozini kwangu kunyolewa ndevu.

Usipokee si jina la mtu. Najua vizuri, maana nililitunga mwenyewe. Ndivyo nilivyowahifadhi kwenye simu wale watu wanaotumwa kukusanya madeni yaliyolala. Nilikuwa nimechukua mkopo wa simu ninunue mashine mpya ya kunyolea na kioo kikubwa. Umeme ukakatika mtaani mwezi mzima, wateja wakanihama, mkopo ukanishinda. Waliokopesha walipochoka kunibembeleza, kazi wakawapa hao. Walipoanza kunipigia nikaandika: Usipokee. Wakabadilisha namba, nikaandika Usipokee wa Pili. Wakafika wengi kama ukoo. Nami nilipokataa kabisa kupokea, wakawapigia watu wengine waliomo kwenye simu yangu: mchungaji, fundi wa maji, na mama mkwe wangu. Mama mkwe aliambiwa mkwewe ni mdaiwa sugu. Akajibu asante, akakata simu, na tangu siku hiyo hajalitaja jambo hilo. Afadhali angelitaja.

Sasa huyu mmoja amekaa kwenye kiti changu hapa Voi. Amevaa koti la kijivu lenye mistari myembamba myekundu, viatu vimepigwa rangi, na shingo yake inaita kama simu hata akiwa amenyamaza. Namfunga kitambaa. Sioni ajabu yoyote.

"Nipunguze pembeni tu," anasema. "Leo nimefunga faili lako."

"Umeona nimelipa?"

"Nimeona. Deni, riba na gharama za kukufuata. Hongera, Mwadime."

"Basi jina langu limesafika."

Akanitazama kupitia kioo, tena kwa huruma, jambo ambalo sikulipenda.

"Hilo ni la ofisi nyingine," akasema.

Hapa lazima niwaeleze nililipa kwa pesa gani, la sivyo hamtajua kwa nini moyo ulinishuka. Mimi sikuwa na pesa. Mke wangu Wakesho ndiye aliyekuwa na cherehani. Ni cherehani kuukuu ya kukanyaga, aliinunua kabla hajanijua, nayo ina ugonjwa wa kuruka mshono kila ikifika kwenye kona. Kila Januari anashona sare za nusu ya watoto wa mtaa wetu, na hizo ndizo pesa zinazotuvusha mwaka. Nikamwambia, tuiuze kwa muda tu. Nitalipa deni, jina litatoka kwenye orodha ya wadaiwa siku hiyohiyo, alama yangu ya mkopo itapanda, Sacco watanikopesha, na tutaikomboa kabla shule hazijafunguliwa. Mwenye duka la vitu vilivyotumika alikubali kuiweka dirishani hadi mwisho wa mwezi. Wakesho aliuliza swali moja tu: "Una hakika, Baba Mshai?"

Nikasema nina hakika. Hakika gani? Nilikuwa na hamu tu.

Basi nikamfungua Usipokee kitambaa, nikakikung'uta, na nilipoinua macho ukuta wa nyuma wa duka ulikuwa umekwenda mbali sana. Viti vyangu viwili vilikuwa vitanda. Baada yake kulikuwa na vitanda vingine, na vingine, mpaka macho yakachoka. Ilikuwa wodi. Saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa imefika, kwa sababu watu walikuwa wakiingia na chupa za uji.

"Hapa ndipo zinapolazwa alama za mikopo za watu," akasema Usipokee. "Vua kofia."

Nikavua. Alama yangu alikuwa kwenye kitanda cha dirishani. Alikuwa na uso wangu, ila amekonda, na alikuwa amevaa koti langu jeupe la kazini. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimechanika, tundu la kupitisha ngumi, na upepo ulikuwa ukiingilia hapo na kutokea kwenye kola.

"Amka," nikamwambia. "Nimelipa."

"Nimesikia," akasema.

"Basi amka twende Sacco. Leo Jumamosi, wanafunga mapema."

"Twende hivi?" Akainua kile kiwiko.

Nilimwambia tundu lazima litakuwa limeziba, kwa kuwa deni limekwisha. Akalitazama. Mimi pia nikalitazama. Upepo ulikuwa ungali unapita, na ulikuwa wa baridi.

Mwisho wa wodi kulikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia ya mahindi. Ikaita jina langu. Mwili ni wa chuma, lakini sauti ni ya mama mkwe wangu. Nikarudi nyuma, nikainamisha kichwa na kusimama upande, maana huwezi kumkodolea macho mama mkwe hata akiwa mizani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mlete mgonjwa apimwe."

Nikambeba. Alikuwa mwepesi mpaka nikaona aibu. Nikamtundika kwenye ndoana kwa kola ya koti, naye akaning'inia bila kulalamika, kama mtu aliyezoea. Mshale ukatikisika, ukapanda kidogo, kiasi cha konzi moja ya unga, ukatulia.

"Ameongezeka," mizani ikasema, bila furaha.

"Ni hicho tu, mama?"

"Ni hicho tu. Zamani iliandikwa hakulipa. Sasa imeandikwa alilipa, baada ya kufuatwa. Ni maneno mazuri kuliko yale ya kwanza, lakini hayafuti kwamba ulichelewa."

"Yatafutwa lini?"

"Miaka mitano, kuanzia siku uliyomaliza kulipa. Si mimi niliyeitunga sheria hiyo, baba. Mimi napima tu."

Nilitaka kubishana. Lakini utabishana vipi na mama mkwe, tena aliyepigiwa simu na wadai kwa sababu yako akanyamaza? Kwa hiyo nikaenda kubishana na Usipokee.

"Ulinidanganya," nikamwambia.

"Nilikuambia ulipe. Sikukuambia utasafishwa. Hayo ya kusafishwa ulijiambia mwenyewe, kisha ukamwambia na mkeo."

"Basi nimelipia nini? Si ningekaa tu!"

Hakukasirika. Alinishika mkono, akanipeleka kitanda cha jirani. Hapo hapakuwa na mtu. Palikuwa na tundu limelala juu ya mto, na juu yake kola na vifungo viwili. Kando aliketi bwana mmoja mwenye chupa ya uji. Alikuwa amejaza kijiko na anatafuta mdomo wa kukitia.

"Huyu hajalipa," Usipokee akaninong'oneza. "Tundu lake lilianza dogo kuliko lako. Lako limeacha kukua siku ile ulipolipa. Hiyo ndiyo faida. Si kubwa, lakini ipo."

Yule bwana akaniuliza kama ninaona mdomo. Nikamwambia labda upande wa kulia. Akanishukuru sana.

Hapo nilihuzunika, na sitaficha. Sikujihuzunikia mimi. Mimi naweza kuishi na tundu, nimezaliwa mtaa wenye upepo. Nilimhuzunikia Wakesho, ambaye wiki nzima amekuwa akifagia pale mahali cherehani ilipokuwa, anafagia kwa kuzunguka, kana kwamba bado ipo.

Ndipo nikasikia kanyagio.

Cherehani ikaja katikati ya wodi kwa miguu yake ya chuma, taratibu, ikiwapisha wagonjwa. Shingoni ilikuwa imefungwa karatasi ya bei. Niliposoma bei nikaona imepandishwa.

"Hujambo, cherehani," nikasema.

"Sijambo. Nimeazimwa kwa usiku huu tu, kwa hiyo usinipotezee muda. Kitambaa kiko wapi?"

Nikaanza kuvua shati langu.

"Acha," ikasema. "Kiraka cha jina hukatwa kwenye nguo ya yule aliyekufuata. Hata hilo hukulijua?"

Sikulijua. Usipokee hakubisha. Akavua koti lake, akachukua mkasi wangu wa kinyozi na kukata kipande kwenye mkono. Ndipo nikagundua kwamba mikono ya koti lile ilikuwa mifupi tangu mwanzo, na pindo lake lilikuwa limeliwaliwa pande zote. Watu wengi walikuwa wameshapita kwake.

Alama akaweka kiwiko chini ya sindano. Cherehani ikaanza kushona, na wodi nzima ikanyamaza kusikiliza. Ilipofika kwenye kona, ikaruka.

"Samahani," ikasema. "Ni ule ugonjwa wangu."

"Haidhuru."

"Wakesho hajambo?"

"Hajambo. Anazungumza kidogo."

"Mwambie asipokee oda za Januari."

Nikasema, "Mwambie wewe. Wewe ndiye unayepatana naye."

"Mimi sasa ni mali ya duka. Kuna mwanamke kutoka Mwatate amekwisha kuja kunikanyaga mara mbili, na mara ya pili alikuja na mumewe. Mwambie wewe."

"Na huyu?" Nikamwonyesha Alama kwa kidevu. "Sacco wakimwona na kiraka, wataniamini?"

"Si mwezi huu. Utaanza na kidogo, kile watakachokubali kukupa, na utakilipa siku yake. Kisha kingine, ukilipe siku yake. Ataongeza nyama. Itafika wakati watu watamtazama usoni kabla ya kumtazama kiwikoni. Lakini mimi sitakuwa nikingoja dirishani."

Ikakata uzi kwa meno, ingawa sijui meno iliyatoa wapi. Alama akasimama. Upepo ulikuwa umekoma, hilo nililiona kwa macho yangu. Akaunyoosha mkono, akaukunja, akakitazama kile kiraka cha kijivu chenye mistari myekundu juu ya koti jeupe.

"Kinaonekana," akasema.

"Kinaonekana," nikakubali.

Kengele ikalia. Watu wakafunga chupa zao za uji. Usipokee akanipa mkono, akaniambia ameshafuta namba yangu, nami nifute yake. Kisha akatoka na koti lake, mkono mmoja ukiwa mfupi zaidi, na shingo yake haikuwa ikiita tena.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia ndani. Wakesho alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na utepe wa kupimia shingoni, kwa sababu wazazi walikuwa wameambiwa waanze kuleta watoto asubuhi ile wapimwe sare. Alikuwa ameamini neno langu mpaka siku ya mwisho. Mapajani alikuwa na koti langu jeupe la kazini, alilokuwa amelichukua akalifue.

"Baba Mshai," akasema, "nani amekushonea koti?"

Nikainuka. Kiwiko cha kushoto, ambacho kimekuwa wazi tangu mvua za masika, kilikuwa kimezibwa kwa kitambaa cha kijivu chenye mistari myembamba myekundu. Kitambaa cha namna hiyo hatuna. Na mshono ulikuwa wa mashine, na mashine pia hatuna, hilo halikuhitaji kusemwa.

Wakesho akaligeuza koti ndani nje. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono polepole, kama anavyofanya akikagua kazi kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Alipofika kwenye kona, kidole kikasimama.

"Hapa imeruka," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Iliniuliza hali?"

"Ilikuuliza."

"Ikasema nini juu ya Januari?"

Nikamwambia. Nilimwambia pia ile miaka mitano, ile konzi ya unga, na yule mwanamke wa Mwatate. Nilikuwa nimekusudia kuanza na kumwomba radhi, lakini maneno yalitoka kwa mpangilio wake, na radhi ikawa ya mwisho. Hakulia. Ningependa angelia. Aliuvua ule utepe shingoni, akauzungushia vidole vyake viwili mpaka ukawa mdogo, akautia kiganjani mwangu.

"Hodi," mtu akaita nje.

"Nenda wewe," Wakesho akasema. "Ujumbe ulipewa wewe."

Sikuwa na nguo nyingine karibu, nikavaa koti. Nikafungua mlango. Alikuwa mama mmoja wa nyumba za nyuma na binti yake wa darasa la kwanza. Mama akanisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye kiwiko changu na kukaa hapo. Nilikuwa ninatafuta neno la kuanzia. Lakini mtoto alikuwa ameuona utepe mkononi mwangu, na alikuwa ameshainua mikono yote miwili ili apimwe.