Mtaro wa Andati

Uongo wa Andati ulikuwa mdogo tu, na aliusema Jumapili, Biblia ikiwa bado kwapani. Alikuwa nyapara wa kundi la wakataji miwa kumi na mmoja upande wa Navakholo. Kazi hiyo aliishika miaka kumi na tisa, na sasa ilikuwa miezi minane bila trekta la kampuni ya sukari kupita alfajiri kuwachukua. Kampuni ilikuwa imeleta mashine ya kuvuna. Mashine yenyewe inakata, inapasua, inamimina vipande kwenye trela inayotembea ubavuni mwake, na haijui chai ya saa nne wala malaria. Wakataji hawakufutwa kazi, kwa maana hakuna aliyejisumbua hata kuwafuta. Hawakuitwa tu.

Kila Jumapili baada ya ibada walikuja kukaa kibarazani kwake. Walikunywa chai ya mkewe Jescah, wakaongea habari za mvua na mpira, halafu Osiako, msaidizi wake, akauliza lile lile la kila wiki.

"Nyapara, kuna neno?"

Osiako siku hizi alikuwa anaendesha bodaboda ya shemeji yake, kwenye kituo ambacho pikipiki zilikuwa nyingi kuliko abiria. Jumapili hiyo Andati aliwatazama mmoja mmoja akaona aibu. Alikuwa amechoka kuwa mtu wa kusema hakuna.

"Wiki hii," alisema. "Noeni mapanga."

Waliondoka wakitaniana njia nzima, na yeye akabaki pale kibarazani akijua kwamba amejitia kitanzi. Angewatolea wapi kazi hiyo? Usiku huo hakulala vizuri, lakini kulipokucha alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Alikuwa na ekari mbili za miwa iliyokomaa. Huko kwao kila mtu anajua kwamba muwa mbichi unaweza kukaa kwenye foleni ya kiwanda hata mwaka, mwenye shamba akizeeka nao. Muwa ulioungua ni habari nyingine. Huo usipofika kiwandani ndani ya siku chache maji yake yanaharibika, kwa hiyo kampuni huwahi. Zamani shamba la mtu likiungua kwa bahati mbaya (na bahati mbaya ya huko ilikuwa na akili zake, ilimjua nani ana shida), kesho yake wakataji walijaa humo kama sherehe. Bei ya muwa ulioungua ni ya chini, ndiyo, lakini mikono hupata kazi.

Na mashine? Hilo Andati alikuwa ameshaliuliza. Maurine, karani wa kampuni, binti mwenye adabu aliyezunguka mashambani na pikipiki na tableti yake, alimwambia waziwazi: "Mashamba ya watu haiingii, mzee. Ikifika kwenye mtaro inakwama." Shamba la Andati lilitengwa na barabara kwa mtaro mrefu wa maji uliochimbwa na baba yake. Siku aliyoambiwa hivyo alirudi nyumbani akasimama juu ya mtaro ule akiutazama kwa upendo, kama ng'ombe aliyezaa mapacha.

Jumatatu alisafisha ukanda mpana kuzunguka shamba, moto usije ukala miwa ya jirani. Jumanne aliwaita Osiako na wengine watatu wafukie mtaro, pale panapoelekea barabarani. Nyapara mzuri hutengeneza njia ya trela kabla ya mavuno, asiwaumize watu wake kuvusha mizigo ya miwa mabegani. Walijaza mawe, wakajaza udongo, wakashindilia kwa magogo mpaka pakawa pagumu na papana.

"Hapa hata tingatinga inapita," Osiako alisema, akijifuta jasho. Hakuuliza kwa nini njia inatengenezwa kabla kampuni haijasema neno. Alikuwa na furaha ya kushika jembe kwa ajili ya miwa tena.

Jumatano saa kumi, upepo ulipotulia, Andati alitia moto. Miwa ililia kwa mlio wa risasi ndogo ndogo, na jivu jeusi likaanza kushuka juu ya nguo alizoanika Jescah. Mkewe alitoka jikoni akautazama moshi.

"Baba Bravin," alisema, "ile chupa ya mafuta ya taa iko wapi?"

"Imeisha."

Jescah alijua bei ya muwa ulioungua kama mumewe alivyoijua. Alianua nguo zake moja moja, akizikung'uta. "Wanakuja wangapi?"

"Wote."

"Basi kesho nitachemsha maji pipa nzima. Na nitachinja kuku, ingokho mbili."

Hiyo ndiyo desturi. Anayekata miwa iliyoungua hutoka humo mweusi mpaka ndani ya masikio, na mwenye shamba hawezi kumwacha arudi hivyo kwa watoto wake. Mama wa boma huchemsha maji ya kutoa masizi, watu wakaoga, wakala obusuma, yaani ugali.

Alhamisi walifika wote kumi na mmoja kabla jua halijatoka, wamevaa matambara yao ya kazi, mapanga yanang'aa. Andati aliwagawia ngwe zao, akasimamisha kijiti mwanzoni mwa kila ngwe kama alivyofanya miaka yote hiyo. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Walikuwa wanamngoja karani tu aje aandike majina.

Maurine alikuja na pikipiki yake. Nyuma yake barabara ya murram ilikuwa inatetemeka.

"Pole sana kwa moto, mzee," alisema. "Ofisi imesema muwa ulioungua usilale. Bahati nzuri mashine ilikuwa hapa jirani."

"Na mtaro?" Andati aliuliza.

"Dereva anasema mmemtengenezea njia nzuri sana. Wakulima wote wangekuwa kama wewe, kazi yetu ingekuwa rahisi."

Hakuwa anamdhihaki. Alimsifu kwa moyo safi, na hilo ndilo lililomuuma Andati zaidi. Mashine ilipita juu ya mtaro bila hata kuyumba, ikavilaza vile vijiti kumi na moja, ikaingia kwenye miwa. Moto ulikuwa umeshayala majani yote, kwa hiyo mashine haikuwa na cha kuichelewesha. Wakataji walisimama pembeni na mapanga yao. Andati hakuthubutu kuwageukia.

Jescah alikuwa bado ananyonyoa kuku wa pili mashine ilipomaliza.

"Mzee," Maurine alisema, "nahitaji mtu mmoja wa kuokota vipande vilivyoanguka. Nitamwandika siku moja. Nipe jina."

Andati aliwajua wote, watoto wao, magonjwa yao, na hakuweza kutamka jina hata moja. Basi Osiako aliweka panga chini akaingia shambani, akafuatwa na mwingine, na mwingine. Watu wazima kumi na mmoja waliinama wakigombea vipande vya miwa kwa malipo ya mtu mmoja. Kazi yenyewe haikufika robo saa.

Walipokusanyika nyumbani, maji yalikuwa yanatoa mvuke kwenye pipa, sabuni na taulo kando. Walipanga foleni, wakanawa vidole. Vidole tu ndivyo vilivyokuwa vyeusi. Jescah alisimama na kata mkononi, hana wa kumwagia maji, akasema chakula kiko tayari.

Walikaa kula. Osiako alisogeza kiti chake karibu na nyapara.

"Tunajuanga ni wewe ulichoma," alinong'ona. "Hatuna ubaya. Ulitufikiria."

Andati alitikisa kichwa.

"Mimi pia niko na kamiwa kadogo kule ng'ambo. Kako tayari. Jumatano tunaweza kuchoma." Osiako alitazama kama wengine wanasikia. "Lakini hii yangu, mtaro tusifukie."

Asubuhi ile, akipanda pikipiki, Maurine alikuwa amemwambia Andati jambo moja zaidi: wiki ijayo tingatinga ingeanza kufukia mitaro yote ya upande huo ili mashine ipite, na njia yake Andati ndiyo ingekuwa mfano. Andati alimtazama Osiako, vidole vyake safi, uso wake uliojaa matumaini, akakosa nguvu ya kumwambia.

"Sawa," alisema. "Noeni mapanga."