Shada la Maua ya Buluu

Kila Bodil alipoliona shada la maua ya vuli lililotundikwa mlangoni kwa jirani yake Solvej, roho ilimchemka. Maua yale ya buluu yalikuwa yake. Wiki iliyopita alikuta kichaka chake kimekatwakatwa.

Leo akashindwa kunyamaza. "Mlango umependeza, shoga. Maua umeyatoa wapi?"

"Kwako. Kwani siri?" Solvej akacheka. "Na wewe, hata asante huna?"

"Asante ya kuibiwa? Makubwa!"

"Kuibiwa gani? Lako si nilikutundikia mlangoni siku ileile?"

Mwongo mkubwa! Bodil alipita mlango wake kila siku, ule wa jikoni, kama kila mtu kijijini. Hata hivyo akazunguka mbele, kwenye mlango uliofunguliwa mara ya mwisho kupitisha jeneza la mumewe.

Shada lilikuwapo, kubwa kuliko la Solvej, limekauka likimngoja.