Daftari la Fundi Magurudumu

Mtu nisiyemjua aliusukuma mlango wa ofisi yetu bila kubisha, Jumatatu saa nne asubuhi, akiwa na mfuko wa viazi mkononi. Koti lake lilikuwa likichuruzika maji ya mvua. Alimtazama profesa, akanitazama mimi, kisha akauliza nani kati yetu anaandika kile kitabu cha mizinga.

"Sote wawili," alisema Profesa Mourot, akitabasamu. "Ila Solenne ndiye anayefanya kazi."

Ndivyo alivyokuwa akisema kwa kila mgeni, na kila mara nilikuwa naona fahari.

Kwa miaka miwili tulikuwa tukiandika, hapa chuoni Metz, habari za maofisa waliolifumua na kulishona upya jeshi la Ufaransa baada ya kushindwa vibaya katika Vita vya Miaka Saba. Waliipunguzia mizinga uzito. Waliamuru magurudumu yachongwe kwa kipimo kimoja, ili gurudumu likivunjika vitani, askari achomoe jingine kutoka kigari kilicho karibu. Napoleon alipokuja, kazi hiyo ilikuwa imeshafanyika. Sura ya nne, ambayo profesa aliipenda kuliko zote, ilimhusu Kapteni Desgranges, aliyesemekana kuwa ndiye aliyebuni kipimo hicho.

"Nilikusikia redioni ukimsifu kapteni wako," yule mzee alimwambia profesa. "Nikaiambia redio, mwongo wewe. Mke wangu angekuwepo angenicheka."

Aliitwa Fulbert Aubriot, dereva wa treni mstaafu, kutoka kijiji kimoja karibu na Commercy. Kutoka kwenye mfuko wa viazi alitoa kitambaa cha jikoni, na ndani ya kitambaa mlikuwa na daftari la ngozi lililopinda kama kipande cha mkate mkavu. Lilikuwa la babu wa mababu zake, Dieudonné Aubriot, fundi magurudumu katika karakana ya jeshi. Nililifungua. Kulikuwa na mchoro wa gurudumu, vipimo vyote pembeni, na tarehe ya miaka minane kabla ya ile ya kapteni. Kurasa chache mbele niliisoma sentensi moja kwa sauti: "Leo kapteni amelichukua gurudumu langu, jina langu ameliacha juu ya meza."

Profesa aliinuka kitini taratibu.

"Siuzi," alisema mzee. "Wala siwapi maktaba. Nawaazima tu, msome, mwandike ukweli. Nalitaka kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba mosi."

"Kwa nini siku hiyo?" niliuliza.

Alinifungulia kurasa za mwisho. Zilikuwa zimejaa majina, kila mwaka kwa mwandiko wake. "Tukitoka makaburini, mkubwa wa familia anaandika humu waliotutoka mwaka ule. Mwaka huu nitamwandika Odile."

"Odile ni nani?"

"Mke wangu. Mwezi wa tano." Alilisema kama mtu anayetaja saa ya basi.

"Nitakuletea mwenyewe," nilisema. "Mkononi mwako. Na nitakuambia kila kitu tulichoandika."

"Haya, binti. Nimekusikia."

Kanuni ya idara yetu ni kwamba hakuna kitu cha mtu kinachoingia bila hati ya kuazima, nakala mbili, sahihi mbili. Nilivuta droo, nikaishika ile hati. Kisha nikamtazama mzee akiukunja mfuko wake mtupu, na nikaona aibu kumdai sahihi mtu aliyetuamini hivyo. Nikairudisha hati drooni. Profesa aliniona, akanyamaza. Nilidhani naye ameguswa.

Wiki zilizofuata nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuijua chuoni. Profesa ndiye aliyenifundisha kusoma miandiko ya kale, herufi kwa herufi. Mama alipougua, ndiye aliyeninunulia tiketi ya treni, akakataa nimrudishie. Sasa tuliinamia daftari pamoja, na kila jioni alisema, "Itabidi tuifumue sura nzima, Solenne. Fundi ataingia, na jina lako litakuwa chini ya langu kwenye jalada."

Tarehe 29 Oktoba, mchapishaji alituma kurasa za kusahihisha. Nikaenda moja kwa moja sura ya nne. Kapteni alikuwa amesimama palepale. Chini ya picha ya gurudumu iliandikwa: *Daftari la Kapteni Desgranges, kama alivyomsomea fundi wake aandike. Mali ya mwandishi.* Jalada lilikuwa na jina moja. Mimi nilishukuriwa mwishoni, kwa kupiga chapa.

Nilidhani mchapishaji amechanganya. Nilichukua penseli nyekundu, nikaenda kwa profesa nikiwa tayari kumwonyesha makosa.

"Hamna kosa hapo," alisema.

"Lakini daftari ni la Aubriot."

"Ana karatasi gani? Hukumwandikia hati."

"Profesa, ulikuwepo. Uliniona."

"Nilikuwepo. Nilifikiri unajua unachofanya."

Niliiweka penseli mezani kwake. Alivua miwani, akajifuta uso, na kwa muda mfupi nikaona jinsi alivyochoka. "Maisha yangu yote nimeandika kwamba mageuzi yale yalitoka vichwani mwa maofisa. Nastaafu mwezi wa sita. Unataka nijipinge kwenye kitabu changu cha mwisho, kwa ajili ya mtu wa mfuko wa viazi?"

"Kwani si ndiyo kazi yetu?"

"Wewe bado mtoto."

"Anataka kumwandika mkewe. Jumamosi."

"Atalipata Februari, maonyesho ninayoyaandaa kwa ajili ya kitabu yakiisha. Mkewe haendi popote."

Mbele yake kulikuwa na fomu yangu ya kuomba nafasi ya kusomea udaktari wa historia, miaka mitatu yenye mshahara. Ilibaki sahihi yake tu, na mwisho wa kuituma ulikuwa Jumamosi hiyohiyo, saa sita mchana. Aliigeuza kifudifudi. "Pumzika. Tutaongea ukiwa umetulia."

Kabati la nyaraka lilikuwa na funguo mbili, na moja ilikuwa yangu, maana mimi ndiye niliyefungua ofisi kila asubuhi. Ijumaa saa mbili na nusu usiku, profesa akiwa ameshaondoka, nililitoa daftari. Kisha nikaketi nikaijaza ile hati niliyoona aibu kuijaza siku ya kwanza: mwenye mali, Fulbert Aubriot, anayerudisha, Solenne Harbulot. Nikasaini, nikaiacha mezani kwa profesa pamoja na ufunguo.

Jumamosi, ndani ya treni, simu ililia mara tatu. Sikupokea, si kwa ushujaa. Niliogopa kwamba sauti yake ingenirudisha. Ukaja ujumbe: *Fomu iko mbele yangu. Teremka Nancy, ugeuze. Nitasaini.* Treni ilisimama Nancy dakika nne. Niliwaona watu wakishuka na vyungu vya krisanthemu, maua ya makaburini, nikawaza kodi ya chumba, nikamwaza mama aliyekwisha kuwaambia majirani kwamba binti yake atakuwa daktari wa historia. Milango ikafungwa nikiwa bado nimekaa.

Kwa kuwa ilikuwa sikukuu, hakukuwa na basi. Nilitembea zaidi ya saa moja kwenye manyunyu, daftari likiwa ndani ya sweta langu.

Mzee Aubriot mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. "Umechelewa," alisema. "Ndugu wamekula wameondoka. Mimi nimebaki kama mjinga, nasubiri."

Nilimkabidhi. Alilifungua pale pale mlangoni, akageuza ukurasa mmoja mmoja, wote, mimi nikilowa. Kisha akauliza, "Mmeandika nini?"

Ningeweza kusema kitabu bado hakijaisha. "Jina la babu yako halimo," nilisema. "Wameandika daftari ni la kapteni. Na hilo limewezekana kwa sababu mimi sikukuandikia hati."

Alilifunga daftari.

"Yule profesa wako alitabasamu sana," alisema. "Wewe ulikuwa upande wake?"

"Nilikuwa upande wake. Mpaka leo asubuhi."

"Hm. Sijui nikuambie nini, binti. Nimekasirika, na nimekasirika na wewe pia."

"Najua, bwana Aubriot."

"Vua viatu. Odile hakutaka matope humu ndani."

Nilimfuata jikoni. Kalamu na wino vilikuwa vimeshawekwa mezani. Daftari lilitaka kujifunga lenyewe kwa uzee wake, kwa hiyo nililishikilia kwa viganja viwili, naye akainama, akaanza kuandika.