Jicho la Njano kwenye Gauni la Tsigereda

Addis Ababa nzima hutapata kijana anayechora kila siku kama mimi. Mvua inyeshe, umeme ukatike, mimi na penseli yangu hatuachani. Hata Gashe Anjulo, yaani Mzee Anjulo, mfumaji wa mtaa wa Shiro Meda ambaye hamsifu mtu hovyo, nilimwambia hivyohivyo usoni. Hakucheka. Alisema tu, "Vizuri. Basi nionyeshe."

Mambo yalikuwa hivi. Dada yangu Tsigereda alikuwa anaolewa mara tu baada ya Pasaka, kipindi ambacho nusu ya mabinti wa mjini huolewa, maana Kwaresima nzima hakuna arusi. Gauni lake jeupe la pamba lilikuwa kwa Gashe Anjulo. Kilichobaki ni taraza, lile pindo la rangi linaloshuka kifuani mpaka miguuni. Jirani yetu Hirut alikuwa ameshachukua nakshi ya misalaba kwa arusi yake, na Tsigereda yuko radhi aolewe na gunia kuliko kufanana na Hirut. "Taraza yangu atachora mdogo wangu," akatangaza, mpaka mama mkwe akajua.

Gashe Anjulo akatoa sharti. "Mimi sifumi mchoro wa mtu ambaye mkono wake umelala. Kwaresima hii yote, chora ukurasa mmoja kila siku. Sitaki nakshi. Chora kilicho mbele ya macho yako, kiatu, kitunguu, paka, chochote. Uandike na tarehe. Jumamosi ya kuamkia Matawi niletee kitabu. Nikiona mkono umeamka, nitachagua humohumo cha kufuma. Ukiruka siku, dada yako atavaa misalaba."

"Niruke siku, Gashe? Mimi?"

Wiki ya kwanza nilichora kweli. Nilichora kiatu cha mama, nikachora birika la kahawa, nikachora paka ambaye hakutulia hata kidogo. Halafu ikaja mechi. Halafu wakaja binamu zangu kutoka Dessie. Halafu ikaja siku ambayo sina cha kusingizia, mimi naitazama penseli na penseli inanitazama. Baada ya hapo siku zikawa zinapita tu mlangoni bila mimi kuzikaribisha.

Alhamisi ya wiki ile ya mwisho nikafungua kitabu. Kurasa zilikuwa nyeupe kuliko gauni lenyewe. Nikashika tumbo, nikamwambia mama linanikata, nikajifungia chumbani nichore Kwaresima yote kwa mpigo. Na hila ninazijua: tarehe hii kalamu nyeusi, tarehe ile ya bluu, hapa tone la kahawa, pale kona nimeikunja.

Nikachora soksi. Nikachora dirisha. Nikachora soksi tena, kwa upande mwingine. Mistari ilikuwa inatetemeka kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Lakini kadiri nilivyoendelea, ikawa hainisumbui tena. Nikaona kwamba pazia lina mikunjo ambayo sijawahi kuiona, na mimi nimelala chini ya pazia hilo tangu utotoni. Nikaona kivuli cha kikombe kina rangi mbili. Mkono ukawa unatangulia na mimi nafuata, nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Vitu vya chumbani vilipoisha, njaa nayo ikawa imefika, njaa ya mtu aliyekula dengu tu, bila nyama wala yai, tangu mfungo uanze. Kurasa za mwisho nilishika penseli za rangi, sikumbuki nilizichoraje. Najua tu nilikuwa nameza mate.

Jumamosi tukaenda wote, mama, Tsigereda na mimi. Gashe Anjulo akatoka kwenye mtambo wake, akapokea kikombe cha kahawa, akaanza kufunua kurasa polepole.

"Kiatu hiki kinachechemea," akasema.

"Ni cha mama, Gashe."

"Mimi sichechemei," mama akasema.

"Na huyu mnyama wa vichwa vitatu?"

"Paka mmoja. Alikataa kutulia."

Akafunua, akafunua. "Hapa mkono umelala. Hapa bado. Hapa..." Akasogeza kitabu kwenye mwanga. "Hapa umeamka. Soksi hii ina uzito." Tsigereda akapumua kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

Mzee akafika ukurasa fulani, akasimama. Akakigeuza kitabu juu chini, akakilaza ubavu. Katikati ya wekundu kulikuwa na umbo jeupe la mviringo mrefu, ndani yake duara la njano, na pembeni mikato midogo iliyolala mshazari. Akavuta uzi mweupe, mwekundu na wa njano, akazilaza juu ya karatasi.

"Hili jicho," akasema. "Likiwa dogo kama ukucha, likijirudia kifuani mpaka chini, hakuna binti mjini humu aliyewahi kulivaa."

Tsigereda akapiga vigelegele mpaka wafumaji wa chumba cha pili wakasimamisha kazi. Mimi nikajiweka sawa kola.

"Hebu nione," mama akasema, akavaa miwani. Akatazama kwa muda. "Hili si jicho. Hili ni yai. Limechanjwa kisu ili mchuzi uingie. Na huu wekundu ni mchuzi wa kuku." Macho yakashuka kwenye tarehe. "Bisrat. Katikati ya Kwaresima, kuku huyu ulimwona wapi?"

Nikisema nimemtoa kichwani, sharti la Gashe limevunjika na Tsigereda anavaa misalaba. Nikisema nilimwona, mimi ni mla kuku wa Kwaresima, tena mtoto wa mama anayefika kanisani kabla ya mapadri. Nikamtazama dada yangu. Alikuwa ameuweka ule uzi wa njano shavuni, anaupima na rangi yake.

"Nilimla, mama," nikasema. "Hotelini. Kidogo tu."

Mama akapiga ishara ya msalaba. "Kidogo kuku au kidogo yai?"

"Vyote."

"Sasa mimi nimfumie bibi arusi dhambi?" Gashe Anjulo akauliza, mkono ukielekea kwenye nyuzi.

"Muongo huyo," Tsigereda akasema. "Hajala kitu. Alhamisi aliyosema anaumwa tumbo nilichungulia kwenye tundu la ufunguo. Amelala kifudifudi, kalamu mbili mdomoni, anachora, anameza mate, anajichekea. Tarehe zote alizipanga siku hiyo. Nilinyamaza kwa ajili ya gauni."

Gashe Anjulo akanigeukia. "Kwaresima yote kwa siku moja?"

"Wiki ya kwanza ni ya kweli, Gashe."

Akarudi kwenye kiatu kinachochechemea, kisha kwenye yai, kisha kwenye kiatu. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Nyuzi hakuziondoa.

"Kesho ukitoka kanisani uje na kitabu kipya," akasema. "Utakaa kwenye kigoda kile, nikikuona kwa macho yangu. Ukurasa kila siku mpaka arusi. Siku ukikosa, nafumua jicho moja."